Mwanamke Asiyeomba

"Nipe chumvi."

Nyamizi hakusema naomba. Hakuwahi kulitamka neno hilo, na kitongoji chao, nje kidogo ya Ubaruku, kilishamchoka. Mwenye duka aliisukuma pakiti bila kumtazama. Wanawake waliokuwa wakisubiri wakampisha kwa mbali, kila mmoja amekusanya khanga yake isimguse.

Gloria alikuwa amesimama mlangoni, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Aliandika hadithi za mapenzi ya enzi za Wajerumani, na alikuwa ametoka Mbeya mjini kumtafuta mwanamke wa aina hii hasa: anayechukiwa, na anayestahili kuchukiwa.

Mhariri wake, Liberatus, alikuwa amemrudishia mswada. "Huyu Kabula wako ni mtakatifu mno," alimwambia. "Amefukuzwa na ukoo, sawa, lakini kosa lake liko wapi? Wasomaji hawamlilii malaika. Mpe doa."

Basi Gloria akamfuata Nyamizi hadi nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, alikokuwa akipepeta mchele peke yake, mtoto wa kike mgongoni. Akajitambulisha kwa majina yake yote mawili. Nyamizi akaushusha ungo, akamkodolea macho hadi machozi yakamlengalenga.

"Karibu, wifi," akasema. "Nilijua mtakuja."

Gloria akatabasamu. Alijua wanawake wa sokoni humwita wifi yeyote mwenye mkoba mzuri, na hilo la kuja alidhani linahusu waandishi.

Tangu hapo akawa haachi kumtembelea, mkononi sukari na sabuni, na Nyamizi akamfungulia moyo wote. Wazazi wake Wasukuma waliingia Usangu na ng'ombe wao, wakamkana alipokwenda kuishi na kijana mgeni asiyetoa hata ndama wa mahari.

"Akaniambia anakwenda kwao kunisemea, wanitambue," alisema. "Hakurudi. Na mimi kwao sipajui, nayajua majina tu. Wifi, ukimaliza kuandika utanipeleka kwenu?"

"Nitakupeleka kwetu, Iringa yote ikujue," Gloria akajibu, kalamu ikikimbia.

Jumapili moja mwinjilisti alimsimamisha Nyamizi asome andiko. Akalisoma kwa sauti safi: "Takeni, nanyi mtapewa, tafuteni, nanyi mtaona." Kanisa likaguna. Neno la kwanza halikuwa lile lililoandikwa, na kila mtu alilijua. Mama mmoja akanong'ona kwamba mapepo yamemfunga ulimi.

Walipotoka, Gloria alimuuliza kwa nini alifanya vile. Nyamizi aliinamisha uso, akacheka kwa haya.

"Wifi nawe! Unanichokoza. Si unajua?"

Gloria hakujua, lakini akatikisa kichwa kama anayejua. Mwandishi wa mambo ya kale ataonekanaje akiulizia mila? Akarudi Mbeya na jibu lake mwenyewe, na lilikuwa jibu tamu: Kabula akawa mchawi kweli kweli. Aliuza ulimi wake kwa mizimu, ndiyo maana neno la sala halimtoki, na akala watoto wa mke mwenzake. Hata hivyo askari wa Kijerumani akampenda hivyo hivyo, na madoa yake yote. Gloria alibadili jina na zama tu. "Nipe" na "takeni" aliziacha zilivyo, maana vitu vitamu kama hivyo havitungiki.

Liberatus alisoma akalia. Kitabu kikatoka, kikaenda kama maandazi ya asubuhi, na redio moja ya Mbeya ikawa inakisoma sura kwa sura.

Gloria alikuwa Iringa kwa mama yake, amempelekea nakala, simu ilipoita. Alikuwa Justine, yule mwenye mashine ya mpunga.

"Dada, tunakushukuru sana. Sisi tulikuwa tunahisi tu, kumbe mwenzetu ulishachunguza. Lisemwalo lipo! Juzi vijana wameichoma ile nyumba."

"Na Nyamizi?"

"Si alikuwa humo humo ndani, na katoto kake. Yaani dada, hata kwenye moto ule hakusema naomba. 'Niacheni, niacheni,' basi. Ndipo na wale waliokuwa na shaka wakaamini."

Gloria akakata simu. Aliogopa, na kwanza aliliogopea jina lake. Kisha, aibu iliyoje, akawaza kwamba Liberatus atataka kukichapa tena.

Mama yake hakuwa amesikia. Alikuwa ameketi chini ya picha ya Asukile, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyekufa kwa ajali pale Nyololo akija nyumbani na habari njema aliyosema si ya kuambiana kwa simu. Mpaka leo mama alikuwa akiililia habari ile kuliko hata ajali yenyewe. Sasa alimaliza ukurasa wa mwisho, akafuta miwani.

"Hadithi nzuri, mwanangu, ila hapa umechemka. Mwanamke asiyetamka naomba si mchawi huyo. Ana adabu kuliko wote. Mkwe halitaji jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo. Mimi mwenyewe umenisikia lini nikimtaja babu yako?"

Akacheka, akakifunga kitabu. Alipenda kulisoma jina la bintiye kwa kidole, herufi kwa herufi, pale kwenye jalada. Kidole kikapita kwenye Gloria, kikafika kwenye jina la marehemu mumewe, kikasimama.

Ombeni.