Njia Fupi ya Lugandilo

Yule mwanamke wa kwenye simu alikuwa bado anawaambia waendelee moja kwa moja, na maji yalikwisha kufika kwenye taa za gari.

"Zima huyo," alisema Bwana Donati kutoka kiti cha nyuma.

Brayan, dereva wake, akazima. Walitoka Kilosa saa tano, wakiwahi mkutano hotelini Mikumi. Barabara kubwa ilikuwepo, lakini ramani iliwaahidi kuokoa dakika ishirini na sita kwa kupitia Lugandilo. Ramani ilionyesha daraja. Mtoni palikuwa na nguzo mbili tu, zimeinama kama walevi.

Mzee Luhaga aliwatazama kutoka ukingoni, maksai wake wanne wamekwisha fungwa nira. Hilo lilikuwa gari la kumi na tisa tangu Novemba. Wazungu waliokuwa wanakwenda kuona tembo, lori la soda, bibi harusi na wapambe wake: wote hao aliwavuta yeye.

Brayan aliteremka, maji kiunoni. "Shikamoo mzee. Tusaidie, bosi atakutoa vizuri."

"Marahaba. Hela sitaki." Luhaga akaingia majini mpaka dirishani, akatoa daftari la shule kwenye mfuko wa nailoni. "Aandike jina na cheo. Aanze na cheo."

Donati akaandika huku amenuna. Mzee akasoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akasoma tena. Mkurugenzi. Na idara yenyewe ni ya madaraja.

Hapo akafunguka. Hakupaza sauti. Alitaja siku ambayo maji yalibeba daraja, nani alikuwa mwenyekiti wa kijiji, barua kumi na nne zilipelekwa wapi, na waliozipokea walikuwa wamevaa nini. Jibu lilirudi moja, likisema suala lao linafanyiwa kazi. Akaeleza masika yaliyopita, mkwewe Coletha alivyovushwa juu ya kitanda cha kamba akiwa na uchungu, wanaume sita wamekibeba mabegani, maji yakiwavuta. Mtoto walirudi naye siku hiyohiyo, wakamzika kabla hajapewa jina. Sasa Coletha ana mimba ya miezi saba, na masika yanaingia Machi.

"Pole sana, mzee," alisema Donati. "Lakini tatizo kubwa hapa ni ramani. Inapotosha watu."

Akapiga simu palepale. Akataja uzembe, akataja usalama wa wageni, akataja sifa ya mkoa. Akaagiza daraja hilo liondolewe kwenye ramani leo hii. Alipokata simu uso ulikuwa umekunjuka. Wamekubali, alisema; baada ya saa moja halitakuwepo.

"Saa moja," alisema Luhaga.

"Hata isifike."

"Daraja la kwenye simu mnalishughulikia kwa saa moja. La hapa mtoni, huu mwaka wa kumi na moja."

Brayan akainamisha kichwa. Donati akapandisha kioo.

Maksai walilivuta gari likarudi upande wa Kilosa, likageuka, likaondoka. Hakuna aliyeaga.

Jioni Coletha alikuwa mlangoni anamenya karanga, miguu imevimba. Luhaga akavuta kigoda karibu naye, akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akafungua ramani. Pale Lugandilo palikuwa peupe.

"Wamefuta?" aliuliza Coletha.

"Wamefuta."

"Na huyu alikuwa nani?"

"Mkurugenzi."

Coletha akaacha kumenya. "Basi bado kidogo, baba. Atakuja waziri."

Luhaga akavaa miwani. Kwa kidole chenye tope la mtoni akaanza kuchora barabara upya, kwa mara ya tano, polepole, asikosee kona hata moja. Alipofika mtoni, akaweka na daraja.