Akili Kubwa ya Bweni la Pili

Iandikwe na ihifadhiwe kwamba shule yetu iliwahi kutoa akili isiyo na mfano, na kwamba saa nne asubuhi ya siku ile akili hiyo ilikuwa imejifungia chooni.

"Profesa, toka!" Kiranja aligonga mlango. "Yule mama wa kupima akili amerudi. Anakutaka ofisini kwa mkuu."

"Naumwa tumbo."

"Liumie hukohuko. Kaja na lile boksi la karatasi zetu."

Profesa aliegemeza paji la uso ukutani. Za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa zimechukua mwaka na nusu. Na adhabu ya kunakili mtihani ilikuwa moja tu: kufungasha sanduku na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mwaka na nusu nyuma, mama yule alikuja peke yake, akawapa wanafunzi mia nne mtihani wa maumbo na maneno. Jioni akakusanya karatasi, akalifunga boksi kwa utepe wa gundi. Asubuhi yake, mstarini, mkuu wa shule alisoma majina kumi na mawili ya "vipaji vilivyojificha". La kwanza lilikuwa la Profesa, ambaye siku hiyo bado hakuwa Profesa, na ambaye alikuwa amenakili kila jibu kutoka kwa jirani yake wa dawati, Kobe.

Kobe hakutajwa. Jambo hilo lilimsumbua Profesa kwa wiki nzima. Mwishowe aliamua kwamba bila shaka kuna mahali alikosea kunakili, akapatia.

Tangu hapo hakupumua. Akikosa hesabu, mwalimu hukuna kidevu: "Ngojeni, msicheke. Huyu kaona kitu ambacho sisi hatujakiona." Siku moja alikusanya karatasi tupu kwa makusudi, apumzike kidogo. Ikabandikwa ubaoni kama mfano wa kijana asiyeandika asichokiamini. Kule nyumbani, mama yake alikwishawatangazia majirani wote kwamba amezaa daktari.

Hata ujinga alinyimwa. Ikabaki njia moja ya kuficha wizi wake: kusoma. Alisoma wenzake wakicheza mpira, alisoma kwenye foleni ya chakula, alisoma chooni humohumo, kwa hofu tupu, hadi akashika nafasi ya kwanza mihula mitatu mfululizo. Walimu walitikisa vichwa kwa furaha. Kipimo hakidanganyi!

Ofisini, mkuu alikuwa nyuma ya meza yake. Mama wa kupima akili alikaa pembeni, boksi mapajani, utepe ukilizunguka lote.

"Keti, mwanangu," alisema kwa upole. "Kuna ukweli kuhusu ule mtihani ambao ni haki yako—"

"Shikamoo mama, nilikopi!"

"Ulikopi nini?" aliuliza mkuu.

"Yote, mwalimu. Hata jina la Kobe nilianza kuliandika, nikalifuta."

Mkuu alivuta droo, akatoa fomu ya kufukuzia wanafunzi, akaanza kujaza bila kuinua macho. Profesa aliisikia kalamu ikikwaruza, akashangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu, hakuna aliyemngoja aseme jambo la maana.

"Mwalimu, subiri kwanza," alisema yule mama. Uso ulikuwa umempauka. "Ah, mwanangu. Ungenyamaza dakika moja tu!"

Aliubandua utepe kwa kucha, akafungua boksi. Karatasi mia nne zilikuwa zimepangwa vilevile zilivyokusanywa, hakuna hata moja iliyoguswa na kalamu nyekundu.

"Tuliokuwa tunawapima ni walimu: wakiambiwa mtoto ana akili, watamchukuliaje?" alisema. "Yale majina kumi na mawili niliyaokota kwenye kofia ya mlinzi."