Vidonge vya Baridi Yabisi

Saa mbili asubuhi mlango wa duka la dawa ulikuwa umeshavunjwa. Tangu redio itangaze kwamba vidonge vya baridi yabisi vinajaribiwa kutibu homa ya virusi, rafu zilibaki tupu. Kumi vya mwisho alivifumbata Bi Semeni, mgonjwa wa viungo.

Kilindo, fundi bomba, alimbana ukutani.

"Fungua mkono, dada. Mke wangu anakata roho."

"Haufunguki, kaka. Ndiyo maana navinywa."

"Unanitania?"

Hakuwa akitania, vidole vyake hukakamaa kila asubuhi. Kilindo alivivunja vidole hivyo kimoja kimoja kwa koleo. Cha tatu kilipovunjika, vidonge vilimwagika sakafuni. Kilindo akaokota saba. Semeni akafunika vitatu kwa mkono wake uliobaki mzima, na Kilindo akaliinua tena koleo.