Mkono wenye Tepu Nyeusi

Katikati ya mbio za magari, glavu ya kushoto ya fundi wa tairi ilichanika. Akaizungushia tepu nyeusi haraka haraka, akarudi kwenye tairi lake. Habari hiyo alimwambia mtu mmoja tu: kaka yake.

"Sote tunavaa ovaroli moja, helmeti moja," fundi alimwambia kaka wiki tatu zilizopita. "Kwenye picha huwezi kunijua. Tafuta glavu yenye tepu. Hapo utaona gari linaachiwa na mimi sijainua mkono. Kaka, hiyo picha ndiyo roho yangu."

"Nitaitafuta," kaka alisema.

Kaka alikuwa na kazi kwenye kampuni iliyoipiga timu filamu msimu mzima: gerejini, mezani, hata chooni wangeingia kama mlango usingekuwa na komeo. Nyumbani walijua anabeba taa na kukunja nyaya.

Kanuni ya mbio ni nyepesi. Matairi manne, mafundi wanne. Ukishakaza nati, unainua mkono. Mikono minne ikiwa juu, mkuu wa gereji anaachia gari. Siku ile mikono ilikuwa mitatu. Mashine ya nati ilimkwamia fundi, akapiga kelele, na mkuu akaachia gari hivyo hivyo, kwa kuwa mwenye timu alikuwa akimfokea sikioni kwamba wanachelewa. Kona ya pili, tairi likachomoka. Dereva hatatembea tena.

Sasa timu inasema mkono wa nne uliinuliwa. Kamera ya gereji, eti, siku hiyo hiyo ilikuwa mbovu. Kesho asubuhi kamati ya mbio itaamua kama fundi anyang'anywe leseni na kukabidhiwa polisi, na ushahidi iliokubali kuutazama ni mmoja tu: kipindi cha leo cha televisheni kuhusu timu, ambacho kwa mkataba hakirushwi mpaka mwenye timu akipitishe.

Fundi hakuwa mgeni wa mambo haya. Miaka sita nyuma, siku ya mvua, tairi lilitoka vilevile. Mwenye timu alikuwa huyu huyu. Aliyefukuzwa alikuwa mshika jeki, mtu mzima mwenye watoto watano, aliyetoka getini na viatu vyake mkononi. Fundi aliona kila kitu siku ile. Alipoulizwa, alisema hakuona vizuri.

Saa kumi alasiri wakakaa sebuleni: fundi, mkewe, mama yao, na kaka, aliyekuja na televisheni mpya pana kama meza. Amepandishwa cheo, alisema, na hakueleza zaidi.

"Mtazameni anavyoshika kikombe," mama alimtania kaka. "Kidole cha mwisho nje, kama bwana mkubwa!"

"Si wewe uliyekibana na mlango, mama."

"Na nikalia kukushinda."

Mke wa fundi alicheka. Kaka aliweka kikombe chini.

Kipindi kikaanza. Muziki mzito, moshi, mwenye timu akifuta machozi ambayo siku ile hakuna aliyeyaona. Kisha gari likaingia kubadilisha matairi. Watu wakaruka. Mkono mmoja juu, wa pili, wa tatu.

Halafu mkono mmoja ukajaza kioo kizima. Glavu ya kushoto. Tepu nyeusi. Ukainuka, ukatulia. Gari likaondoka.

"Fundi wa nyuma kushoto," ikasema sauti ya msimulizi, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu, "alitoa ishara kwamba yuko tayari."

Wote wakamgeukia fundi.

"Si ulisema hukuinua?" mkewe aliuliza.

"Sikuinua."

"Sasa huyo ni nani?"

Glavu za timu zilikuwa nyingi. Yenye tepu ilikuwa moja. Aliutazama mkono wake uliolala pajani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kamera ina sababu gani ya kumchukia?

"Kaka. Hiyo ndiyo picha uliyoipata?"

"Ndiyo iliyopo."

"Basi labda niliinua." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Zile kelele zote. Labda niliinua, nikasahau."

"Mtu husahau, mdogo wangu," kaka alisema, macho yake kwenye zulia. "Kesho kubali tu, uombe radhi. Wataona wewe ni muungwana." Akanyoosha mkono kuchukua rimoti. "Tuzime."

"Usizime!" mama alisema. Nusu ya kipindi hakuielewa. Mbio kwake zilikuwa kelele tu, alichotafuta ni wanawe. "Rudisha pale penye mkono."

"Mama, hakuna cha kutazama pale."

"Rudisha, nimesema. Kwa nini uninyime kumwona mwanangu?"

Mke wa fundi akampokonya shemeji yake rimoti, akarudisha, akasimamisha. Mkono ukaganda kwenye kioo, mkubwa kuliko mlango.

Mama akavaa miwani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha, akapitisha kucha yake juu ya glavu, kidole kimoja kimoja, hadi cha mwisho, kilichokaa nje peke yake. Hapo akatua.

"Hiki kidole nakijua mimi," alisema, akageuka, uso wote umechangamka, akimtazama mwanawe mkubwa. "Kumbe na wewe umo! Mbona umetuficha habari njema?"