Barabara za Mchuzi

Mfupa ulitoka mdomoni mwa kijana ukiwa bado unang'aa mate, akaulaza katikati ya meza.

“Hili lori,” alisema.

Kisha akatema mbegu ya chungwa kiganjani, akaiweka kando ya mfupa. Hiyo ilikuwa pikipiki. Ganda la mkate lililotafunwa nusu likawa basi. Barabara zenyewe alizichora kwa kidole kwenye mchuzi uliomwagika, mzunguko mzima na njia zake zote, na alipomaliza akakilamba kile kidole.

Shangazi yake aliangalia pembeni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo, na hakuna kitu duniani kilichomtia kinyaa kama mpwa wake akijisomea mtihani wa nadharia wa leseni ya pikipiki. Kuendesha alijua, tena vizuri. Maswali ndiyo yaliyokuwa yakimwangusha. Na kitabu cha alama za barabarani, masikini, kilikuwa kimegandana kwa mafuta kiasi kwamba ukurasa wa kona kali ulikuwa haufunguki tena.

“Sasa shangazi, hapa nani apite kwanza?”

“Toa kwanza uchafu wako mezani.”

“Nikiona kwa macho ndiyo inaingia kichwani. Wewe si mwalimu? Unajua.”

Alijua, na kujua huko kulizidi kumchafua roho.

Laiti ingekuwa meza peke yake. Kofia ngumu ya kijana, yenye harufu ya kichwa kisichojua sabuni, ilikaa juu ya friji, ubavuni mwa mkate. Kucha za miguu alikata popote alipokuwa ameketi, na asubuhi moja shangazi alikanyaga kipande akienda kuchemsha chai. Mwili ulimsisimka hadi jioni. Alikuwa ameshageuza makochi, amepanga upya kabati la vikombe, ametundika mapazia. Kila alichokinyoosha, kijana alikivuruga kabla jua halijazama. Kusema alisema mpaka sauti ikamkauka. Kijana alicheka tu, akamwita “mkaguzi”.

Tumaini lilibaki moja. Kiwanda cha mikate cha mji wa pili kilikuwa kinatafuta mtu wa kusambaza mikate kwa pikipiki, mwenye leseni, na kingempa na chumba cha kulala. Akifaulu, ataondoka. Akiondoka, nyumba itapumua, na shangazi atakunywa chai yake kwenye meza isiyo na mate ya mtu.

Basi akajikaza kisabuni, akavuta kiti.

“Unafika kwenye mzunguko,” alisema kwa sauti yake ya darasani. “Unampisha nani?”

“Mkubwa. Lori.”

“Hapa si harusini, watu hawapishwi kwa ukubwa! Unampisha aliyekwisha kuingia, anayetokea kulia kwako.”

“Kulia kwangu mimi, au kulia kwa lori?”

Maneno yaligonga mwamba. Shangazi alifumba macho, akaushika mfupa. Ulikuwa vuguvugu na uliteleza. Aliusogeza ndani ya mzunguko, akaivuta mbegu kwa ncha ya ukucha.

“Hapa upo wewe. Hili linakuja. Unafanya nini?”

“Nasimama.”

“Tena.”

Wakaendelea hivyo kila siku baada ya kula. Pembetatu iliyopinduliwa, kivuko cha waenda kwa miguu, breki kwenye lami iliyolowa. Kila kipindi kilipokwisha, shangazi alisugua mikono mpaka vidole vikasinyaa. Kuna siku chakula kilimshinda kabisa, akaenda kula biskuti chumbani, zile alizozificha kwenye begi lake chini ya kitanda, mahali ambapo vidole vya kijana havikuwahi kufika.

Siku moja kijana, mdomo umejaa, alimtazama kwa upendo wa kweli.

“Shangazi, nikifaulu tu, na wewe utapumzika. Naona ninavyokuchosha.”

“Meza kwanza ndipo useme,” alijibu shangazi, ingawa moyoni aliitikia amina.

Akafaulu. Aliingia mbio na majibu yake mkononi, akamkumbatia shangazi na jasho lake lote, na kwa mara ya kwanza shangazi hakujitoa. Leseni ilipotoka, kiwanda kikamtaka aripoti Jumamosi.

Wiki hiyo shangazi alifanya kazi kama msichana. Aliisugua meza kwa maji ya moto mpaka mbao ikabadilika rangi. Soksi za kijana alizishika kwa koleo la jikoni, akazidumbukiza kwenye mfuko wake wa safari. Alinunua kitambaa cheupe cha meza, kitu ambacho hakuthubutu kukifikiria tangu aanze kuishi na yule mtu, akakitandika na kusimama kukitazama. Machozi yalimlengalenga kwa raha.

Jumamosi kijana alibeba mfuko wake hadi mlangoni. Shangazi alimfuata na ufunguo mkononi, tayari kufunga nyuma yake. Nje walisimama mume na mke, na godoro, na ndoo za vyombo.

Kijana aliuchukua ufunguo mkononi mwa shangazi taratibu, akampa yule mwanamume.

“Hawa ndio wapangaji wangu, shangazi,” alisema. “Na tiketi yako ya kurudi kwako nimeshakukatia. Ulikuja kunisalimu wiki moja tu, ukakaa mpaka nimefaulu, Mungu akuzidishie.”