Neno la Getruda

Mbwa alianza kumbwekea Getruda alipotia tu mguu getini, akabweka mpaka sauti ikamkauka.

"Hata mbwa kachanganyikiwa leo," alisema Muksini, dalali aliyekuja kutoka Babati na kipaza sauti chake. "Pole sana, mama mwenye nyumba. Karibu ukae."

Getruda akakaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa ametokea shambani Nangwa. Siku nyumba inapigwa mnada, mtu mzima na akili zake angejitanda kanga kuukuu akajiinamia. Yeye alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Watu wa Katesh walijaa mpaka barabarani. Kununua hawakuja, walikuja kutazama, maana ndivyo tulivyo binadamu.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Bati la bluu, madirisha ya vioo, marumaru mpaka kibarazani. Abel, mume wa Getruda, aliijenga kwa ng'ombe. Ng'ombe wa nani? Wa Getruda! Baba yake alimpa siku anaolewa, na kwa mila ya kwao Hirbadaw, ng'ombe wa namna hiyo mume anachunga tu, hauzi mpaka mke atoe neno. Abel aliwauza mkewe akiwa amelazwa hospitali, hana hata nguvu ya kugeuka kitandani. Getruda aliporudi nyumbani alikuta zizi tupu. Hakupiga kelele. Alichukua ufagio akafagia zizi.

Halafu Abel, tamaa haina dawa, akaiweka nyumba hiyo dhamana akakopa benki anunue lori. Lori likapinduka masika ya kwanza tu. Deni halikupinduka nalo.

Sasa alikuwa amepiga magoti mavumbini mbele ya mkewe, mwanaume mzima, kofia mkononi.

"Mama Joseph, sema nilikulazimisha kusaini. Sema tu hivyo."

Maana sheria ndiyo hiyo: mwenye mke haweki nyumba dhamana mpaka mke akubali. Mzee Margwe, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amesimama hapo hapo kusikiliza.

"Ukisema ulilazimishwa, mama," alisema, "nasimamisha mnada sasa hivi, mkaamuliwe mahakamani."

Verediana, mdogo wake Getruda, alimvuta kitenge. "Dada, sema! Ng'ombe wa baba hawa, wamegeuka matofali. Unawaacha waende hivi hivi?"

"Walishaenda siku nyingi," Getruda alijibu.

Glory, yule binti mwenye saluni chumba cha mbele, alikuwa anatoa vyombo nje huku analia, kope za bandia zimebanduka. Alipofika mbele ya Getruda aliinama.

"Shikamoo, mama. Nakuomba na mimi, mama. Niende wapi?"

"Marahaba." Getruda alimtazama kuanzia nywele hadi kucha. "Toa sufuria zako, mwanangu. Na godoro, na nguo zako. Hivyo sheria haigusi."

Verediana alitema mate pembeni.

"Mama," mzee Margwe aliuliza tena, "ulilazimishwa au hukulazimishwa?"

Getruda hakuwa na haraka. Alikunja ncha ya kitenge chake mapajani, akainyoosha, akaikunja tena. Ungesema anafurahia, na usingekosea.

"Abel," alisema, "ng'ombe wangu uliwauza nikiwa kitandani, sijui kama nitapona. Siku ile neno langu hukulitaka. Leo unalitaka?"

"Nisamehe, mke wangu. Nisamehe."

Getruda akasimama, ili na wa barabarani wasikie.

"Sikulazimishwa! Watu wa benki walinisomea karatasi, nikaelewa, nikaomba wanisomee tena. Nikasaini kwa mkono wangu. Na nilijua kabisa huyu mtu hajawahi kulipa deni la mtu tangu azaliwe. Uza, baba. Uza tuende."

Muksini alibaki na kipaza sauti hewani. Madalali huzoea kutukanwa, kupigwa mawe, hata kufukuzwa na panga. Lakini mwenye nyumba wa kumhimiza auze, huyo alikuwa hajamwona. Basi akauza. Nyumba ikaenda kwa Hatibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Abel alikaa chini hapo hapo na kujifunika uso kwa kofia. Glory alianguka juu ya godoro lake akalia mpaka wanawake wakamshika.

Getruda alimfuata dalali.

"Baba, naomba kitu kimoja. Niingie ndani mara moja tu, niangalie."

Muksini machozi yalimlenga. Alimsihi Hatibu, na Hatibu, mtu wa watu, akatoa funguo.

"Ingia, mama," alisema Muksini. "Ingia uiage nyumba yako."

Getruda alivua viatu mlangoni. Alipita sebuleni, akachungulia jikoni, akafungua mlango usiokuwa wenyewe akakuta ni stoo, akafunga. Chumbani alisimama kidogo kwenye mlango akatazama alama za miguu ya kitanda kwenye marumaru. Kisha akatoka, akavaa viatu vyake taratibu, akamrudishia dalali funguo.

"Asante, baba," alisema. "Nilikuwa nasikia tu kwa watu kwamba Abel kamjengea Glory nyumba nzuri. Leo na mimi nimeingia."