Sababu ya Kumhamisha Ndeshi

Siku hizi kila mtu anapewa haki moja tu. Mimi nilichukua ya kukataa, na marehemu mke wangu Ndeshi akachukua ya kuuliza. "Kwa ukaidi huo, itakufaa," alinicheka. Tukaishi hivyo. Mtendaji wa kijiji akija kutaka kitu, Ndeshi anamuuliza sababu, akishajibu, mimi nasema hapana.

Ndeshi alifariki wakati wa masika. Nikamzika kwenye migomba nyuma ya jiko, kama tunavyozikana huku Uchagani. Haki yake waliichukua siku ile ile, waombolezaji hata hawajanawa mikono.

Jana mtendaji akaja na watu wenye sepetu.

"Shikamoo, mzee. Tumekuja kumhamisha mama."

"Nakataa."

"Huwezi. Sheria inasema mtu hakatai jambo ambalo sababu yake hajaambiwa."

"Si uniambie, basi? Sababu gani?"

"Hapo umeuliza, mzee wangu. Wengine wangekufunga. Mimi sijasikia."

Waliotunga sheria hii hawakukosea, walijua iko siku mmoja wetu atabaki peke yake. Wao huko juu wanauliza na kukataa wapendavyo.

Wakaanza kuchimba. Jua lilipowaka, mtendaji akarudi mlangoni.

"Mzee, tupatie mbege kidogo. Wachimba kaburi huku hawaondoki na kiu, mila unaijua."

Sababu kaitaja mwenyewe.

"Nakataa," nikasema.

"Ni haki yako, mzee," akajibu kwa heshima, akarudi kwa wenzake, wakaendelea kuchimba.